Paneli Zilizopimwa Baridi

Vijana wa chumba cha vipimo, mmenisumbua mpaka nimekubali. Hii ni wiki ya tatu tangu nistaafu, na kila nikipita hapo kuchukua barua zangu mnaniambia, "Mathee, andika." Haya, naandika. Msitarajie habari za kupandishwa cheo, maana vyeo vilinijia kwa kuchelewa na vingine havikunijia kabisa, na sitaki kukasirika kabla ya chai. Nitaandika juu ya kile kitabu cha jalada la kijani kilicho kwenye droo ya chini. Mmeniuliza mara nyingi kwa nini pembeni kina maandishi ya kalamu nyekundu. Jibu ni hili, na bado linaniudhi.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika karakana moja ya Kawangware, mwendo mfupi kutoka steji ya matatu ya 56, nyuma ya duka la hadweya. Nilikuwa nakaa Kibera, Kisumu Ndogo, chumba kimoja na dada yangu, na nilikwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne chenye alama nzuri ya fizikia, na kwa ajili ya hiyo fizikia nilidhani nitapewa koti jeupe. Nilipewa ufagio. Meneja aliniambia vumbi ndilo adui wa kwanza wa sola, akaingia ofisini na kufunga mlango. Nilifagia siku nzima. Kesho yake nikafagia tena. Siku ya tatu mzee mmoja aliyekuwa ameinamia benchi la dirishani alisema bila kugeuka, "Nyathina, ukiendelea hivyo utatoboa simiti. Kuja uone kazi."

Huyo alikuwa Mzee Odera. Nyathina kwa Kijaluo ni mtoto wangu, na miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hakuniita Rispa hata siku moja. Kabla ya sola alikuwa fundi wa redio, kwanza Kisumu na baadaye hapa mjini, na mikono yake mikubwa ilikuwa na wepesi ambao sijauona tena kwa mtu mwingine. Kazi yake ilikuwa kulehemu. Alinikalisha kwenye kiti cha mbao akanionyesha jinsi ya kupasha utepe wa shaba kwanza, si lehemu kwanza. Nikikosea alisema "rudia" tu, hakupaza sauti.

Nyinyi mnapokea paneli zikiwa tayari ndani ya katoni, kwa hivyo wacha nieleze tulivyozitengeneza. Juu kuna kioo. Chini ya kioo kuna plastiki laini. Halafu seli zenyewe, nyembamba kama ganda la yai, zimeunganishwa moja kwa nyingine na utepe wa shaba. Halafu plastiki tena, na mwisho karatasi nzito ya mgongoni. Matabaka hayo yote yanaokwa kwenye oveni mpaka yanashikana yawe kitu kimoja. Shida ni kwamba hayakubali kuwa kitu kimoja. Jua likiwaka, kioo kinatanuka kidogo, plastiki inatanuka sana, na utepe uko katikati unavutwa na kila upande. Paneli inavimba tumbo. Ikivimba mchana na kunywea usiku, kila siku, utepe unachoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa, mpaka siku moja unakatika.

Baada ya miezi sita ya ufagio na lehemu nilipewa kazi ya kupima hilo tumbo. Kifaa chenyewe mnakijua: geji ya mviringo kama saa ya mkono, yenye sindano inayosoma sehemu moja ya mia ya milimita. Siku hizo ilikuwa imefungwa katikati ya kipande cha chuma chenye miguu miwili tulichokiita daraja. Unaweka miguu ya daraja kwenye kingo mbili za paneli, ncha ya geji inagusa katikati, na sindano inakuambia kama pamevimba au pamebonyea. Niliipenda hiyo geji jamani. Nilikuwa naifuta kwa leso yangu mwenyewe.

Sasa sikilizeni upuuzi. Kulikuwa na kijitabu cha maagizo kutoka ng'ambo, na Meneja alikishika kama Biblia. Kijitabu kilisema paneli ipimwe kwa joto lisilozidi nyuzi ishirini na tano. Karakana yetu ilikuwa ya mabati, na kufika saa sita mchana ilikuwa jiko. Joto kama hilo tulikuwa tunalipata asubuhi tu. Basi Meneja akabandika tangazo mlangoni: vipimo vyote saa mbili asubuhi, kabla ya chai, baada ya chai geji ifungiwe kabatini. Nilitii. Miaka miwili nilitii, na tena nilijivunia kutii, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Paneli zikaanza kurudi. Karibu zote zilitoka Kibera: kwa fundi viatu wa Mashimoni, kwa mama mmoja muuza omena, kwa kinyozi. Zilikuwa zimekufa. Ilikuwa zikiletwa jioni naziweka mezani, asubuhi saa mbili naziwekea daraja, na sindano haitingishiki. Ziko bapa kabisa. Kisha tunachana mgongo na kukuta utepe umekatika karibu na lehemu. Naandika kwenye kitabu cha kijani: "Umbo: sawa. Utepe: umekatika." Paneli baada ya paneli, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule.

Siku moja Meneja alituita sote. Alikuwa na kitabu changu mkononi.

"Kitabu cha Rispa kinasema umbo ni sawa," akasema. "Kama umbo ni sawa na utepe unakatika, basi lehemu ni mbaya. Na hapa nani analehemu?"

Watu wakaangalia benchi la dirishani. Mzee Odera alikuwa ameshika kofia yake.

"Mzee, umri umefika, hakuna aibu. Mwisho wa mwezi si mbali. Kabla ya hapo paneli nyingine ikirudi hivi, tutaagana."

Kitabu kilikuwa changu. Jioni tulitembea pamoja kuelekea Kibera, maana yeye pia alikuwa mpangaji wa Kisumu Ndogo.

"Kitabu chako hakidanganyi, nyathina," akasema. "Pengine ni mkono."

"Mzee, mkono wako uko sawa."

"Umeupima?"

Mtu aliyenifundisha kazi alikuwa anafukuzwa kwa maneno yangu, na mimi niliyaandika nikidhani nafanya bidii.

Kanisa letu la Kisumu Ndogo lilikuwa la mabati juu na mabati ubavuni, na juu ya paa lilikuwa na paneli moja kutoka kwetu. Betri yao ilikuwa imekufa zamani, kwa hivyo waliunganisha kipaza sauti moja kwa moja na sola. Jumapili iliyofuata Mchungaji alianza mahubiri vizuri. Kufika saa sita, sauti ikakata. Mchungaji akapiga kipaza sauti kofi, akaendelea kupiga kelele kwa koo lake. Wingu likapita, mabati yakaanza kulia ta, ta, ta yakipoa, na sauti ikarudi katikati ya neno "shetani". Waumini wakaruka na kushangilia. Jua likatoka tena, na baada ya dakika chache sauti ikakata.

"Adui anapigana na neno!" Mchungaji akasema.

"Ameni!" kanisa likajibu.

Mimi nilikuwa nimesimama na mdomo wazi, sikumbuki hata wimbo uliofuata. Kama utepe unaachana kukiwa na joto na unashikana paneli ikipoa, basi umbo si sawa. Linakuwa sawa asubuhi tu. Zile paneli zote nilizipima zikiwa zimelala usiku mzima kwenye meza yetu baridi. Ni kama kumpima mtu homa baada ya kupona, halafu unamwandikia kwamba hajawahi kuugua.

Baada ya ibada niliomba ngazi. Nilichokiona juu kilifanya nishike kichwa. Paneli ilikuwa imepigiliwa misumari moja kwa moja juu ya mabati, na kingo zake zote zimezibwa kwa lami nyeusi. Upepo hauna pa kupita hata kidogo. Nikamuuliza Mchungaji kwa nini.

"Tungeiweka aje, dada? Ukiinua kitu juu ya paa, mwenye ploti anasema umeongeza nyumba, na askari wa chifu anakuja kuuliza ruhusa iko wapi. Ukiilaza, hakuna mtu anaiona. Hata mwizi haioni. Na lami ni ya mvua."

Kumbe Kibera nzima ilifanya hivyo hivyo. Hakuna mtu karakana aliyewahi kwenda kuangalia. Sisi tulikuwa Kawangware tunasoma kijitabu.

Jumatatu nilimwomba Meneja ruhusa ya kupima paneli mchana, juu ya paa. Akanionyesha tangazo la mlangoni. Nikamwambia jua haliwaki saa mbili asubuhi. Akanionyesha tangazo tena, kwa kidole. Ai! Kuna watu Mungu aliwapa kidole mahali pa sikio.

Jumamosi tulifunga kazi saa sita. Nilifunga geji ndani ya kitambaa, nikabeba daraja begani, na kwenda kanisani. Nilikuwa bado sijamaliza kusoma namba ya kwanza nikasikia sauti chini.

"Wewe dada, unapima nini huko juu?"

"Sola, mama."

"Sola gani inaandikwa kwa daftari? Huyu ni wa kanjo!"

Basi kukachafuka. Neno kanjo, hao askari wa baraza la jiji, ukilitaja Kibera, kila mlango unafunguka. Wanawake wakaja na miko, wakaja na watoto mgongoni. "Leo wanaleta msichana na rula, kesho wanaleta tingatinga!" Mmoja akaanza kutikisa ngazi. Haki ya Mungu nilishika mabati kwa mikono mitupu, na bado nina alama kwenye kiganja cha kushoto. Mchungaji ndiye aliyeniokoa. "Muacheni! Huyu ni Rispa wetu wa kwaya. Anaimba vibaya, lakini ni wetu."

Baada ya taabu hiyo yote nilipata namba tatu kwa dakika kumi, na hakuna iliyofanana na nyingine. Moja ilisema paneli imevimba kidogo. Nyingine ikasema imevimba sana. Ya tatu ikasema imebonyea. Nilizipeleka kwa Meneja Jumatatu kwa sababu nilikuwa mjinga na mwaminifu.

"Namba tatu za kitu kimoja?" akasema. "Rispa, hiyo ni bahati nasibu. Na usitoe tena kifaa cha kampuni nje ya geti hili."

Wakati wa chakula nilikaa na Mzee Odera nyuma ya oveni tukila githeri. Nikamweleza nikiwa karibu kulia kwa hasira. Alitafuna polepole, kisha akauliza, "Daraja lako ni la nini?"

"Chuma."

"Na lilikuwa wapi?"

"Juani."

"Sasa ulikuwa unampima nani? Chuma pia kinaota jua, nyathina. Mgongo wake ukiungua na tumbo likiwa kivulini, kinapinda. Ulipima paneli kwa kitu kinachopinda kuliko paneli."

Nilijipiga kofi la paji la uso mpaka githeri ikamwagika. Fizikia ya kidato cha nne! Swali hilo nililijibu kwenye mtihani, na nilipolikuta juu ya paa sikulitambua.

Jumatano alikuja na daraja jipya. Lilikuwa la mvule mkavu wa miaka mingi, limepigwa randa mpaka linateleza, na limevishwa kitambaa cheupe cha gunia la unga ili jua lisilishike. Miguu yake ilikuwa misumari miwili iliyochongwa ncha. Nikamuuliza mvule wa namna hiyo ameutoa wapi, akasema kitandani kwake. Nikamuuliza sasa atalalia nini.

"Mwezi unaisha," akasema. "Nitalala nyumbani, Siaya."

"Mzee, hii nitaitumia kukutoa kwenye maneno."

"Itumie kupima. Ukipima ukakuta ni mkono, andika ni mkono."

Alhamisi paneli nyingine ikarudi kutoka Mashimoni. Ijumaa kabla ya chai Meneja alimpa mkono wa kwaheri, na Mzee Odera akafunga vifaa vyake kwenye gazeti. Chuma cha lehemu akakiacha juu ya benchi. Nilimkimbiza nacho mpaka getini. Akakikataa, akasema kinahitaji mtu wa kukitumia vizuri.

Ijumaa hiyo hiyo jioni nilitoa kifaa cha kampuni nje ya geti, na kama kuna mtu wa kunifukuza kazi leo kwa ajili hiyo, amechelewa. Niliomba ruhusa ya uongo nisiende kazini Jumamosi, nikasema dada yangu ni mgonjwa. Saa mbili asubuhi nilikuwa juu ya ngazi na daraja la mvule. Paneli ilikuwa bapa, nikaiandika sifuri. Saa nne ilikuwa imevimba milimita moja na kidogo. Saa sita na nusu, mabati hayashikiki, ilikuwa milimita tatu. Nikatoa daraja, nikaweka tena: tatu. Nikatoa, nikaweka: tatu. Chini, Mchungaji aliyekuwa amewasha kipaza sauti kama nilivyomwomba, akipiga hesabu moja, mbili, tatu kama mwalimu wa nasari, akanyamaza kwenye spika na kubaki na koo lake. Nilicheka peke yangu huko juu. Halafu nikakumbuka Ijumaa, na kicheko kikaisha.

Jumatatu nilimpa Meneja namba hizo, akasema hata hiyo si hoja. Labda lehemu mbaya ndiyo inayofanya paneli ivimbe. Nikamtazama mtu huyu aliyesoma kunishinda. Lehemu gani inavimbisha kioo?

Lakini ukutani ofisini kwake kulikuwa na paneli moja ya ng'ambo, iliyokuja kama mfano, na cheti chake chenye muhuri kimening'inia kando. Hakuna mkono wa Kawangware uliokuwa umeigusa. Nikamwambia, "Bwana, nipe hiyo." Akanipa, nadhani kwa sababu alitaka nishindwe mbele ya watu. Niliilaza uani juu ya bati, nikaikandamiza kingo kwa mawe, nikaziba pembeni kwa udongo. Saa sita na nusu nikamwita, nikamkabidhi daraja asome mwenyewe.

Alisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akasoma tena. Milimita tatu.

"Lakini hii imetoka ng'ambo," akasema.

"Jua halijaambiwa, Bwana."

Niliondoa mawe na udongo, nikaiinua kwa vipande vinne vya mbao, upepo ukapita chini. Kabla hatujamaliza kunywa maji, sindano ilikuwa imeshuka chini ya nusu ya zile milimita tatu. Meneja akang'oa tangazo la mlangoni mwenyewe, akalikunja vizuri na kulitia mfukoni, sijui la nini. Kisha akasema, "Mwambie mzee arudi."

"Ulimfukuza wewe," nikasema. "Mwambie wewe."

Hakwenda. Aliandika mistari miwili kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, bila neno samahani popote, nikaipeleka mimi. Nilimkuta Mzee Odera amefunga sanduku, kitanda kimelala upande kwa kukosa ubao. Nikamsomea karatasi, halafu nikamsomea namba zangu, asubuhi, saa nne, saa sita. Alitaka nirudie za saa sita.

"Kwa hivyo haikuwa mkono," akasema.

"Haikuwa mkono, Mzee. Ilikuwa kitabu. Nilizipima zikiwa baridi."

Usiku ule nilikaa na kalamu nyekundu, na pembeni ya kila mstari uliosema "Umbo: sawa" nikaandika "ilipimwa baridi." Sikufuta kitu. Ndiyo maandishi mnayoniulizia. Baada ya hapo tulizunguka Kibera nzima na mbao na misumari, na kugombana na wenye ploti, mpaka paneli zikaacha kurudi.

Mzee Odera alirudi kazini Jumatano. Aliketi kwenye benchi la dirishani, akapasha chuma, akalehemu utepe wa kwanza. Ulikuwa mzuri kama zote alizowahi kulehemu. Nilidhani atauweka kando na kushika wa pili, kama siku zote. Badala yake aliuinua akaniletea mezani.

"Angalia, nyathina. Iko sawa?"

"Iko sawa, Mzee."

Hakuondoka. Alisimama pale ameushika mpaka nikasema mara ya pili. Alifanya kazi miaka sita zaidi kabla ya kwenda Siaya, na katika miaka hiyo sita hakupeleka utepe wowote kwenye oveni kabla ya kuja kuniuliza.